Mama Msomaji Hakubadilisha Mwisho

Binti yangu ana miaka kumi na minne na anapumua vizuri. Nalitanguliza hili kwa sababu kwa muda mrefu niliamini kwamba pumzi hiyo ameipata, baada ya Mungu na madaktari, kwa mwanamke mmoja wa Bujumbura ambaye katika hadithi zake alisema uongo mara moja tu, na akausema kwa ajili yangu. Mwaka jana nilikwenda kumuuliza kama ni kweli. Kabla sijafika huko acheni nimweleze alivyokuwa, maana asiyemjua hataelewa kwa nini swali lenyewe lilinitesa.

Tulimwita Mama Msomaji. Jina lake halisi wanalijua wanaostahili kulijua. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia supu, kuwahesabia vidonge. Usomaji ulimwangukia tu. Mzee wake wa mwisho alikuwa madamu mmoja wa Kibelgiji, mwalimu mstaafu, macho yamekwisha, nyumba imejaa vitabu hadi chooni. Maisha yake yote madamu yule alikuwa amefundisha riwaya za kale za Wamarekani, zile zilizoandikwa miji yao ilipokuwa inafura kama unga wenye hamira: watu wa viwanda vya nyama, wasichana washona mashati, familia sita ghorofa moja na choo kimoja uani. Alikuwa nazo zote kwa Kifaransa. Siku ya kwanza alimwambia Mama Msomaji kwamba kuoga kunaweza kungoja, akamtia kitabu mkononi. Tangu hapo kila siku baada ya chakula cha mchana alisoma kwa sauti, na madamu akamsahihisha matamshi huku amefumba macho.

Jumamosi asubuhi alituletea sisi.

Sisi tulikuwa wanawake saba au wanane wa mtaa wa Laeken, huku Ubelgiji, wasio na mashine ya kufulia nyumbani. Tulikutana kwenye lile duka la mashine, lavoir kama tunavyoliita, lenye vioo vilivyojaa mvuke na benchi moja ndefu ya mbao. Wengi tulikuwa wa Lubumbashi na Likasi, wachache wa Bujumbura kama yeye. Alikuja na mfuko wa shuka, shuka za madamu, akazitumbukiza, akabonyeza, akaketi. "Tulimwacha wapi?" ndivyo alivyoanza kila mara. Na alikuwa na wivu wa sauti yake. Mashine ilipofika pale pa kukamua, ikaanza kunguruma na kurukaruka, alinyamaza katikati ya neno. Mtu wa kitabuni alikuwa ameshika kitasa cha mlango? Basi angebaki ameshika kitasa mpaka mashine itulie. Sisi tulibaki midomo wazi, na yeye akizikunja nguo za wenzake bila kuombwa. Nilipata kuona mashati ya mume wa mtu yamekunjwa vizuri kiasi kwamba mwenye mume alikasirika.

Alikuwa na kanuni moja, na sijui ilikuwa yake au ya madamu: "Kwanza niambie analala wapi, ndipo uniambie anampenda nani." Hakutuletea mtu yeyote bila nyumba yake. Ghorofa ya ngapi, ngazi ngapi, dirisha linatazama ukuta gani, wanalala wangapi kitanda kimoja, kunanuka nini. Mwanzoni tulichoka. Kulikuwa na mama mmoja wa Likasi, mtu wa kanisa sana na mwenye mdomo, ndiye aliyekuwa akimsukuma.

"Maman, ngazi tumeisikia! Ule bwana alikuya ao hakukuya?"

"Bado anapanda. Ni ghorofa ya tano, na ametoka kiwandani. Weye ungekuwa umeshafika?"

Hakutupa majina ya Kimarekani, alisema yanatupotezea muda. Alituambia tu "yule Mwenye Mabega" au "Binti wa Mashati". Hata mji wao aliuhamishia hapa. Stesheni yao ikawa kama Gare du Nord, maghala yao yakawa nyuma yake, na matajiri wao wakakaa kwenye majengo ya vioo kama yale ya maofisi ya Schuman. Kwa ajili hiyo siku moja likatokea jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka, halafu nanyamaza. Binti wa Mashati alikuwa amejifungua peke yake, wiki nzima tulikuwa na huzuni. Jumamosi iliyofuata yule mama wa Likasi akaingia na mfuko mkubwa: fulana ndogo, soksi, kofia ya sufu, blanketi la manjano.

"Bon, maman, utamupelekea," alisema. "Muambie ni ya bamama ba lavoir. Ao unipatie adresse yake, nitaenda mi mwenyewe, mutoto asikufe na baridi."

Tulitazamana. Miezi mitatu mizima alikuwa akiamini kwamba yule ni msichana wa mtaani, jirani fulani ambaye Mama Msomaji anamficha jina kwa heshima. Mmoja wetu alianza kucheka, na Mama Msomaji akamtupia jicho ambalo nisingependa linitazame mimi. Akaupokea mfuko kwa mikono miwili. "Nitazifikisha," alisema. Jioni yake aligonga mlango wangu akiwa na mfuko ule, maana mimi nilikuwa na mtoto mchanga na sikuwa na mengi. Hakueleza kitu. Mama wa Likasi alipoliona lile blanketi kwangu alidhani nimelinunua, akalisifu.

Mama huyo huyo ndiye aliyesumbuliwa sana na kukosekana kwa msaada katika riwaya zile. "Mais, mu ile mji yote hakuna ata pasta moja?" aliuliza siku moja, machozi yanamlengalenga. Mama Msomaji alifikiri kidogo, maana hakupenda kusema kisichokuwemo. "Pasta yupo," alimjibu. "Ndiye mwenye nyumba." Tulicheka hadi mtu wa duka akatoka nyuma kutuangalia.

Lakini kicheko kilikuwa kidogo. Riwaya zile zinaishia vibaya, karibu zote. Mwenye Mabega aliingia mjini na nguvu za watu watatu, kiwanda kikamla mkono, halafu kikamfukuza kwa sababu hana mkono. Binti wa Mashati alipotelea barabarani. Mama Msomaji aliyasema haya kwa sauti ile ile aliyotumia kwenye ngazi na madirisha, na wakati sisi tunajifuta macho yeye alikuwa anatafuta soksi ya pili. Tulimbembeleza. "Badilisha ata kidogo, maman, turudie na roho muzuri." Hakukubali hata siku moja. "Mwandishi alimjua, na hakumwokoa," alisema. "Miye niliyemsoma tu, nitamwokoa na nini?"

Ukaidi huo ulinishangaza, kwa sababu nilijua upande wake mwingine. Kwa ndugu zake wa Buyenzi, kule Bujumbura, alikuwa malkia wa mapambo. Aliwaambia kwa simu kwamba anafanya kazi "kwenye vitabu". Mara mbili au tatu kwa mwaka aliniomba nimpige picha kule Schuman, mbele ya majengo ya vioo, akiwa amevaa kitenge kipya na mkoba wa kuazima. Mtu aliyetaka kila ngazi ya maskini wa Marekani ihesabiwe, ngazi zake mwenyewe hakumwonyesha mtu. Nilimtania juu ya hilo. Hakukasirika. Alisema mama yake ana presha, na presha haisomi riwaya.

Nilipata kumuuliza pia, yeye mtu wa sala tano, aliyetandika shuka safi pembeni mwa mashine na kuswali sisi tukimpisha, anavionaje vitabu vinavyosema kwamba mtu huwa kama nyumba anayolala. Alinijibu kwamba Mungu ndiye aliyeandika, lakini ukuta wenye maji umejengwa na mtu. Nilikaa na jibu hilo muda mrefu, kwa sababu ukuta wenye maji ulikuwa wangu.

Tuliishi chini ya barabara, mimi na binti yangu. Dirisha lilikuwa juu karibu na dari, na tulichokiona ni viatu vya wapita njia. Nyuma ya kitanda ukuta ulikuwa mweusi kwa kuvu. Niliusugua, ukarudi; nikaupaka rangi, ukarudi juu ya rangi. Mtoto alikuwa amefikisha miaka mitatu na alikohoa kuanzia Oktoba. Mwenye nyumba aliniambia nifungue dirisha. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya nyumba za serikali, na watu wote, pamoja na watu wazuri, waliniambia nivumilie zamu yangu ifike. Mvumilivu hula mbivu, ndivyo tulivyofundishwa. Nami nikavumilia, Mungu anisamehe.

Katika baridi hiyo Mama Msomaji alianza kitabu kipya. Alianza na ngazi, kama kawaida, lakini safari hii zilishuka. Ngazi tisa kwenda chini, chumba cha mfua nguo, sabuni ya magadi inanuka hadi kwenye mkate, na mtoto mdogo anayekohoa. Wenzangu wote waligeuka wakanitazama. Yeye hakunitazama. Sijui kama aliona, au kama aliona akaendelea kwa makusudi. Jumamosi tatu nilimsikiliza kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali. Mfua nguo alikuwa akingoja, kama mimi. Alikuwa ameahidiwa chumba cha juu, chenye jua, majira ya joto yakifika. Nilijua miisho ya Mama Msomaji. Jumamosi ya nne nilikaribia kubaki nyumbani, nikaenda tu kwa sababu nguo zilikuwa zimejaa, mtoto nimempakata, kifua chake kinapiga mluzi.

Mama Msomaji alichelewa siku hiyo. Hakuwa na mfuko wa shuka. Aliketi, hakuuliza tulimwacha wapi, na hata mama wa Likasi akaogopa kumsukuma. Halafu akaanza. Mfua nguo, alisema, aliamka asubuhi akamsikiliza mtoto, akaamua kwamba hangoji tena. Akamfunga kwenye blanketi, akapanda zile ngazi tisa bila kujua anakwenda wapi. Akaenda kukaa hospitalini, kwenye kiti cha kungojea, akakataa kuondoka. Walimpa dawa, akasema asante, akabaki amekaa. Walimwambia aende nyumbani, akasema hakuna nyumba, kuna shimo. Akakaa mpaka mtu akaandika karatasi kwamba mtoto huyu harudishwi mle.

"Halafu?" aliuliza mama wa Likasi.

"Jirani akampa godoro. Baadaye wakapata chumba."

"Na mutoto?"

"Mzima."

"Muzima? Muzima kabisa?"

"Nimeshasema, mzima."

Vigelegele vilivyopigwa mle dukani sijavisikia hata harusini. Mimi sikupiga. Nilizitoa nguo zangu kwenye mashine zikiwa zinachuruzika maji, nikamwachia mwenzangu, nikambeba mtoto moja kwa moja hadi hospitali. Nilikaa. Waliponiambia niende nyumbani nilisema maneno yale yale, neno kwa neno, ingawa sijazoea kuwakatalia watu wenye koti jeupe. Jioni akaja dada mmoja wa huduma za jamii, na daktari akaandika karatasi. Nililala kwenye godoro la mwenzangu wa lavoir hadi Aprili. Kisha tukapata ghorofa ya tatu, ukuta mkavu, dirisha linaloona miti.

Baada ya hapo Mama Msomaji hakusimulia tena. Alisema kazi kwa madamu imekwisha, hakuongeza kitu, nasi kwa ujinga hatukuuliza. Mmoja mmoja tukapata mashine majumbani, benchi likapata watu wengine. Lakini kila tulipokutana, harusini au msibani, wenzangu waliniambia jambo lile lile: alibadilisha mwisho juu yako, kwa ajili yako wewe. Nilitabasamu. Niliishi na wazo hilo kama mtu anayeishi na pesa ya akiba, siligusi, najua tu lipo.

Mwaka jana, katika ofisi ninayosafisha kule Schuman, kwenye rafu ambapo wafanyakazi huacha vitabu walivyomaliza, nikafungua kimoja kwa sababu ya jalada lake lililochanika. Ukurasa wa pili kulikuwa na ngazi tisa. Nilikisoma kwenye metro siku nne, na siku ya nne nilipitiliza kituo changu. Mfua nguo haondoki. Anavumilia. Baridi ikiwa karibu kwisha mtoto anakufa, katika kurasa mbili zisizo na neno hata moja la kilio, na kesho yake asubuhi mama anarudi kazini kwa sababu shuka za watu zinangoja.

Nilidhani nitashukuru tu. Badala yake nilikosa amani. Nilitaka kulisikia kwa kinywa chake mwenyewe: kwamba yule mkaidi, aliyewaacha wote wafe kama walivyoandikwa, mara moja aliinua mkono akasema hapana, huyu simwachi. Nilitaka kujua kwamba nilipendwa kiasi hicho. Nimeshakuwa mtu mzima, lakini ndicho nilichokitaka.

Nilimkuta kwenye nyumba yake ya Laeken, ghorofa ya nne bila lifti, miguu imefura, wiki mbili hajashuka chini. Binti yangu alikuja nami. Alimsalimu vizuri, kisha nikamtuma jikoni achemshe chai, kwa sababu sikutaka asikie. Nikaweka kitabu mapajani pa Mama Msomaji.

"Maman, minataka uniambie kweli. Uliikamata mwisho ya hiki kitabu, ukaibadilisha juu yangu. Njo vile, ao hapana?"

Alikigeuza, akakifungua, akasoma mistari michache na midomo inacheza. Nilimwona alipokitambua.

"Hiki?" alisema. "Miye hiki sikukimaliza."

"Namna gani haukumaliza? Ulitusimulia."

"Madamu alikufa Alhamisi. Nilimkuta asubuhi. Ijumaa wanawe wakaja na makatoni, wakachukua vitabu vyote, na hiki na alama yangu ndani." Aliweka kiganja juu ya ukurasa. "Jumamosi nikaja mikono mitupu. Nikawakuta mmekaa, na weye na mtoto wako. Ningesema nini? Sikuujua mwisho. Nikajiuliza tu, mwanamke mwenye akili zake angefanya nini pale. Nikasema hilo."

"Alors haukunificha kitu."

"Nikufiche kitu gani? Ningekuwa nimeusoma ningekwambia kama ulivyo. Ndiyo kawaida yangu, unanijua."

Alilisema kwa utulivu, hata kwa fahari kidogo, kama mtu aliyetuhumiwa wizi akasafishwa. Wana wa madamu wangechelewa siku tatu, au madamu mwenyewe angeishi hadi Jumapili, ningerudi kwenye shimo lile na mtoto wangu mgongoni kungoja majira ya joto. Nilimchukia wakati ule. Nasema ukweli, nilimchukia mwanamke mgonjwa kwenye kiti chake, na chuki hiyo na shukrani zangu zote zilikaa pamoja kifuani, sikujua niitoe ipi.

"Kwani unaishaje?" aliniuliza.

Alikuwa ameinama mbele. Miaka yote hiyo alikuwa hajui, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Nikafikiri naweza kumdanganya. Halafu nikafikiri yeye hakunidanganya mimi, hata siku ile, na kwamba haifai nimfanyie pungufu ya hapo.

"Mama alivumilia," nilisema. "Hakutoka mule ndani. Mutoto alikufa, baridi ilikuwa karibu kuisha. Kesho yake mama akarudia ku kazi."

Nilimwona anahesabu, taratibu: ile Alhamisi, ile Jumamosi, benchi, kifua kilichopiga mluzi. Alipofika mwisho wa hesabu yake mdomo ulianza kumtetemeka, akaushika kwa mkono. Sikuwahi kumwona analia na sikujua huliaje, nikabaki nimekaa tu.

Binti yangu alisimama mlangoni na sinia la chai. Alikuwa amesikia neno moja.

"Nani alikufa?" aliuliza.

Nilifungua mdomo. Mama Msomaji alinitangulia.

"Hakuna mtu aliyekufa," alimwambia, akakifunga kitabu. "Ni kitabu tu, mwanangu. Njoo ukae hapa karibu yangu."